Maktaba moja ya Calibre, kompyuta mbili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niupinge ushauri uliozagaa, kwamba mwenye kompyuta mbili nyumbani aweke maktaba yake ya Calibre, ile programu ya kupanga na kusoma vitabu vya kielektroniki, kwenye folda ya wingu (inayojisawazisha kupitia mtandao), kisha kila kompyuta iifungue kutoka humo. Ushauri huo ndio unaozaa maktaba zisizolingana: kitabu kipo huku, kule hakipo, au kimo kwenye orodha lakini ukikibofya unaambiwa faili halionekani.

Chanzo ni faili moja tu, metadata.db. Hiyo ndiyo hifadhidata inayobeba majina ya vitabu, waandishi, lebo na, tangu toleo la 5, hata alama unazoweka ukisoma. Kila kitabu hupewa namba, ile unayoiona kwenye mabano mwishoni mwa jina la folda yake. Kitabu kikiongezwa kwenye kompyuta ya kwanza kikawa (57), na kabla wingu halijapitisha mabadiliko mtu akaongeza kingine kwenye ya pili, nacho kitakuwa (57). Folda zote mbili zitafika salama, kwa sababu majina yake hayafanani. Lakini metadata.db ni moja: ama ya mwisho inaifuta ya kwanza, ama unaachiwa nakala yenye jina la ajabu ambayo Calibre haina habari nayo. Watengenezaji wenyewe wanaonya dhidi ya folda za namna hiyo, na dhidi ya diski za mtandao pia.

Kabla ya kurekebisha chochote, funga Calibre pande zote mbili, sitisha usawazishaji, na nakili folda nzima ya kila maktaba kwenye diski ya nje. Kisha tazama matoleo. Namba ya toleo la Calibre imeandikwa chini kushoto mwa dirisha. Kusakinisha toleo jipya juu ya la zamani hakugusi vitabu. Ila kompyuta ya Windows 7 au 8, au Windows yoyote ya biti 32, haivuki 5.44: toleo la 6 la mwaka 2022 lilihamia Qt 6, msingi mpya wa kiprogramu, na kuiacha mifumo hiyo nyuma, na plagini (programu ndogo za nyongeza) kadhaa za zamani zikagoma. Kuishusha kompyuta mpya ili ilingane na kongwe ni kujitafutia kazi bure.

Weka maktaba zote mbili kwenye kompyuta iliyo imara zaidi, katika folda mbili tofauti, ndani ya diski yake yenyewe. Fungua moja moja na uendeshe ukaguzi uliomo kwenye menyu ya maktaba. Vitabu vikiwa kwenye folda lakini orodha haivijui, tumia amri ya kurejesha hifadhidata, inayoijenga upya kutoka kwenye faili la metadata.opf, lenye maelezo ya kitabu, lililomo kwenye folda ya kila kitabu. Mafaili hayo huandikwa chinichini, si papo hapo, hivyo marekebisho ya dakika za mwisho huenda yasiwemo.

Kuunganisha ndiko wengi huharibu. Usimwage folda moja juu ya nyingine, namba zitagongana. Chagua vitabu vyote vya maktaba ya pili, bofya kitufe cha kulia cha kipanya, uvinakili kwenda maktaba ya kwanza, navyo vitapewa namba mpya. Kama una safu za taarifa ulizojiongezea kwenye orodha ya vitabu, zitengeneze kwanza kule vinakokwenda.

Kompyuta ya pili sasa haihitaji maktaba yake. Washa seva ya Calibre, sehemu yake inayovitoa vitabu kwa kompyuta nyingine za mtandao wa nyumbani, kwenye ile kuu, weka jina la mtumiaji na nenosiri, kisha kwenye ya pili fungua kivinjari kwa anwani kama 192.168.1.20:8080. Hapo tofauti ya matoleo haina maana tena. Ukurasa usipofunguka kabisa, shuku ukuta wa moto wa Windows, au kompyuta kuu imelala. Ukifunguka leo na kugoma kesho, ruta imebadilisha anwani; itengee kompyuta hiyo anwani ya kudumu.

Anayetaka kusoma akiwa mbali na mtandao wa nyumbani anaweza kunakili folda nzima, Calibre ikiwa imefungwa, mradi nakala iende upande mmoja tu na asihariri kitu kwenye nakala. Plagini na mipangilio hazimo kwenye folda ya maktaba. Hizo huhamishwa kwa amri ya kusafirisha data zote za Calibre.

Msomaji wako