Harambee: seti 20 za transista kwa klabu ya elektroniki, Tandika

Wazazi, majirani na mafundi wa Dar es Salaam, tunaomba mtuchangie seti 20 za mazoezi. Wanafunzi ni 40, seti iliyopo ni moja. Mmoja akichomeka waya, wengine wanaona mgongo wake tu, na transista, kile kijisehemu cha miguu mitatu kinachokuza umeme mdogo, haijulikani kwa kuitazama. Inajulikana kwa kuipima.

Saketi ya kwanza ni amplifaya (kikuza sauti) ya transista moja aina ya BC547, volti 9. Miguu yake mitatu inaitwa beisi, kolekta na emita. Rezista (kizuizi cha umeme) ya kilo-omu 47 inatoka chanya ya betri hadi beisi, ya 10 inatoka beisi hadi hasi. Kolekta inapewa rezista ya kilo-omu 4.7 kutoka chanya, emita ya 1 kwenda hasi. Kabla ya kuingiza sauti yoyote, mwanafunzi anapima: beisi karibu volti 1.6, emita karibu 0.9, kolekta 4 na nusu hivi. Kolekta ikipanda kuelekea 9, transista haipitishi umeme wa kutosha: ama beisi haijapata volti zake, ama miguu imegeuzwa. Ikishuka hadi kukaribia emita, kagua ile rezista ya 10. Mara nyingi haijashika.

Miguu ndiyo inayosumbua zaidi. Shika BC547 ubapa ukutazame, miguu chini: kushoto kolekta, katikati beisi, kulia emita. 2N3904, transista ya aina nyingine, ina umbo lile lile, lakini kolekta na emita zimebadilishana. Mtoto aliyepewa moja badala ya nyingine atahangaika na saketi isiyo na kosa.

Saketi ya pili ni LM386, chipu ya kukuza sauti yenye miguu 8, na spika ya omu 8. Hapa betri ya mraba ya volti 9 haifai. Sauti ikipanda, spika inavuta umeme mwingi, volti zinashuka, mshuko unarudi mwanzo wa saketi na spika inaanza kupiga tu-tu-tu. Betri ndogo 6 za volti 1.5 kwenye kishikizo zinahimili, pamoja na kapasita (kihifadhi umeme) ya mikrofaradi 220 karibu na mguu wa 6 wa chipu, ncha yake hasi ikienda mguu wa 4. Kapasita ikigeuzwa itapata moto na inaweza kupasuka, kwa hiyo walimu watakagua kila meza kabla ya kuwasha.

Tunahitaji bredibodi (vibao vya kuchomeka saketi bila kulehemu) 20, BC547 100 (4 kwa kila seti, 20 za akiba), LM386 25, spika 20, vishikizo 20, betri 120 na mita 10 za kupimia, moja kwa meza mbili. Rezista na kapasita tutazinunua wenyewe Kariakoo kwa fedha mtakazochanga. Mweka hazina anaandika kila shilingi na kutoa risiti.

Mwenye redio mbovu asitupe spika yake. Tazama nyuma kama imeandikwa omu 8, ituletee. Na transista ziacheni kwenye mifuko yake yenye namba.