Risala ya Kamati ya Wakazi kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kupokea Mchoro wa Awali wa Bustani Mpya ya Mjini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi mlioambatana naye,
Wasanifu, wahandisi na maofisa wa mipango miji,
Wazee wetu, wazazi, vijana na watoto,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima, wakazi tunaouzunguka uwanja huu tunakukaribisha. Mchoro wa bustani ungeweza kutufikia ukiwa umeshapigwa mhuri, nasi tukabaki na kazi ya kupiga makofi. Umeuleta mwenyewe, ukiwa bado unafutika. Hilo tumeliona na tunakushukuru kwa dhati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kamati hii ilichaguliwa na mkutano wa wakazi mara baada ya kutangazwa kwamba eneo hili litakuwa bustani ya umma. Tulitumwa kukusanya maoni kuhusu ramani na vifaa vya ujenzi na kuyafikisha mbele yako. Tumepita nyumba kwa nyumba, tumekaa na wanafunzi baada ya masomo, tumezungumza na wafagizi wanaofika hapa alfajiri kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha tukafanya jambo ambalo baadhi yetu waliliona la mzaha: tuliutembea uwanja wote jua likiwa la utosi, pamoja na wazee, watoto, wenzetu wanaotumia viti vya magurudumu na wenzetu wasioona, tukaweka alama kila mahali mtu alipotaka kusimama, kukaa au kurudi alikotoka. Alama hizo zimo kwenye ramani iliyoambatanishwa na risala hii. Tunaomba wasanifu waitazame kabla ya kusoma maneno yetu, maana miguu ya watu imesema mengi kuliko dodoso tulilopewa kujaza.

Na dodoso hilo ndilo lililotutia neno mdomoni leo. Liliuliza tunataka bustani iwe na nini: chemchemi au jukwaa, uwanja wa mpira au wa mikutano, maua ya rangi gani. Tulijibu yote. Halikuuliza popote bustani ijengwe kwa vitu gani. Vifaa vimeachwa viamuliwe wakati wa zabuni, kati ya mshauri elekezi na mkandarasi, kana kwamba ni mambo ya kiufundi yasiyomhusu mkazi. Sisi tunaamini yanamhusu kuliko chemchemi. Aina ya sakafu ndiyo inayoamua kama mwenye kiti cha magurudumu atafika penye mti au ataishia getini. Kilichotengenezea benchi ndicho kinachoamua kama mzee atakaa saa nzima au dakika mbili. Tukichagua rangi ya maua tu na sakafu tukanyimwa kauli juu yake, tutakuwa tumeshirikishwa katika mapambo.

Mwaka 1969 Sherry Arnstein, Mmarekani aliyewahi kuishauri serikali yake kuhusu ushiriki wa wananchi, aliueleza ushiriki huo kwa mfano wa ngazi yenye vipandio 8. Kupewa taarifa alikuweka kwenye kipandio cha 3, kuombwa maoni cha 4, na ubia wa kuamua pamoja cha 6. Leo tumesimama kwenye cha 4. Kwa suala la vifaa, Mheshimiwa, tunaomba kupandishwa hadi cha 6, na tunaeleza namna.

Ombi letu kubwa, ambalo likikubaliwa peke yake tutakuwa tumefika mbali, ni kipande cha majaribio. Picha zilizobandikwa pale ukutani zinavutia. Lakini katika picha hizo miti yote ina umri wa miaka 20 tayari, hakuna aliyetoka jasho, na haijulikani maji ya mvua yanakwenda wapi. Tunaomba kila aina ya sakafu, benchi na rangi inayopendekezwa iwekwe hapa hapa uwanjani, mita chache tu za mraba, ipigwe jua na mvua kabla zabuni haijatangazwa. Watoto waikanyage peku. Mwenye fimbo nyeupe aipapase. Mfagizi aifagie atuambie. Mhandisi apime joto lake saa nane mchana, na vipimo hivyo vibandikwe mahali pa wazi ambapo kila mtu atavisoma.

Tunasisitiza hili kwa sababu ya sakafu ya mpira. Mchoro unaipendekeza kwa sehemu yote ya watoto, na sababu zake ni za kweli: mtoto akianguka kutoka kwenye bembea mpira hupunguza kishindo, na kiti cha magurudumu hupita juu yake bila tabu. Hata hivyo, mpira wa rangi iliyokoza, sawa na nyasi bandia, ukikaa kwenye jua la wazi huweza kupita nyuzi joto 60 za Selsiasi. Joto hilo linaunguza ngozi laini ya mtoto kwa muda mfupi sana, na mtelezo wa chuma unaoelekea jua una hatari ile ile. Mpira ukianza kubanduka pembeni, si kila fundi anaweza kuuziba. Mchanga au vipande vya mbao vikimwagwa kwa kina cha kama sentimita 30 navyo hupokea anguko vizuri wala havipati moto kiasi hicho. Kasoro yake ni kwamba huchanganyika na uchafu, hupungua kila msimu, na magurudumu huzama humo. Kwa hiyo hatusemi mpira uondolewe. Tunasema uwe wa rangi hafifu, uwekwe kwenye njia na chini ya vile vifaa vya kuchezea ambavyo mtoto mwenye ulemavu atavifikia, tena penye kivuli. Kwingineko mchanga unatosha.

Njia kuu imechorwa kwa zege tupu kutoka geti hadi geti. Zege ni imara, inafagilika, na magurudumu yanaipenda. Lakini haimezi maji, na uwanja huu una mteremko. Maji yote ya njia hiyo yatashukia kwenye nyumba za upande wa chini, ambazo wenyewe wako hapa na wametuagiza tuseme hivyo kwa sauti. Yapo matofali ya kupanga chini yanayoacha maji yapenye hadi kwenye tabaka la kokoto lililo chini yake. Tunayapendekeza, tukijua kwamba vumbi na mchanga laini huziba vinyweleo na nafasi zake baada ya muda, na asiyeyasafisha atakuwa amenunua sakafu ya kawaida kwa bei ya juu. Changarawe iliyochorwa kuzunguka bustani ya maua inapendeza macho. Ibaki kwenye maua, isivuke kuingia njiani. Penye mwinuko tunaomba kile kiwango kinachojulikana sana, kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za urefu na si zaidi, na njia kuu iwe na upana wa kutosha viti viwili vya magurudumu kupishana, yaani mita 1.8 angalau.

Kuhusu mabenchi kamati ilibishana hadi usiku. Chuma hudumu lakini huchoma mchana. Plastiki iliyorejelewa haiozi wala hailiwi na mchwa, ila hutanuka na kulegea kwa joto, hivyo mihimili yake inabidi isogezwe karibu karibu. Mbao ngumu hukalika kuliko zote, na ubao mmoja ukivunjika, seremala yeyote anaubadilisha bila kung'oa benchi zima. Tumeangukia mbao juu ya miguu ya zege, kiti kiwe na urefu wa kama sentimita 45 kutoka chini, na kiwe na egemeo. Mikono ya benchi iwekwe pia, kwa kuwa mzee huinuka kwa kuishika. Ila iwe mwishoni mwa benchi. Ule mkono wa katikati ulioko kwenye mchoro tunaujua kazi yake: umewekwa ili asiye na mahali pa kulala asijinyooshe. Hatuamini kwamba umaskini huondolewa kwa kipande cha chuma, na tunaomba ufutwe.

Kuna pia pendekezo la vijana, la viti vyepesi visivyofungwa chini. William H. Whyte, aliyetumia miaka mingi kutazama watu wanavyokaa katika viwanja vya New York, aligundua kwamba mtu akipata kiti kinachohamishika hukisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata kama hakuna haja. Bustani ya Bryant Park ya jiji hilo ilipofunguliwa upya mwaka 1992 iliwekewa viti vya namna hiyo, na ndivyo vinavyoitambulisha hadi leo. Mjumbe mmoja aliuliza kama viti hivyo kwetu vingeuona usiku wa pili. Watu walicheka, lakini swali ni la haki. Tunaomba vijaribiwe vichache karibu na kibanda cha mlinzi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wasichana hawakusema sana kwenye mikutano mikubwa, tukawafuata pembeni. Walichotuambia kinafanana na kilichoonekana Vienna katika miaka ya 1990: maofisa wa mipango miji wa jiji lile waligundua kwamba wasichana wakishavuka umri wa miaka 9 hivi huanza kutoweka kwenye bustani, ilhali wavulana hubaki. Uwanja mmoja mpana wenye uzio na mlango mmoja humwachia mwenye nguvu atawale. Kuanzia mwaka 1999 walizigawa bustani mbili katika sehemu ndogo ndogo, wakaongeza njia na viwanja vya mpira wa wavu na vinyoya, na wasichana wakarudi. Mchoro wetu una uwanja mmoja mpana wenye uzio na mlango mmoja.

Vifaa vya kuchezea visitupotezee fedha. Kuanzia mwaka 1947 msanifu Aldo van Eyck alilijengea jiji la Amsterdam viwanja vya watoto zaidi ya 700, vingi kwenye vipande vya ardhi vilivyokaa bure, na mara nyingi baada ya wakazi wenyewe kuliandikia jiji barua ya kuomba. Alitumia shimo la mchanga lenye ukingo mpana wa zege, mabomba ya chuma ya kuning'inia, na vigogo vya zege vya kurukia. Vitu vya namna hii vinatengenezwa na fundi wa kulehemu na fundi mwashi. Vyombo vya plastiki vinavyoagizwa kutoka mbali hupendeza siku ya uzinduzi. Kikivunjika kifundo kimoja, chombo kizima hufungwa kamba na kusubiri.

Mbao za watoto zichunguzwe. Dawa ya kuhifadhi mbao yenye aseniki, shaba na kromi iliachwa na watengenezaji wa Marekani kwa matumizi ya nyumbani na viwanja vya michezo mwishoni mwa 2003, kwa hofu ya aseniki kugusa mikono ya watoto. Mataruma ya zamani ya reli na nguzo chakavu, ambazo baadhi yetu tulizipendekeza kwa kuwa zinapatikana kirahisi, nyingi zimelowekwa kreosoti, dawa ya kuhifadhi mbao itokanayo na lami ya makaa ya mawe, yenye sumu. Tumeliondoa pendekezo hilo.

Miti mikubwa iliyopo isikatwe, na hilo mmeshakubali. Tunaongeza dogo: izungushiwe uzio kabla mashine haijaingia, na uzio ufike mwisho wa matawi. Magari mazito yakishindilia udongo juu ya mizizi, mti hauanguki siku hiyo. Hufa miaka kadhaa baadaye, mkandarasi akiwa ameshalipwa.

Taa, vyoo na maji ya kunywa tumeviorodhesha kwenye kiambatisho, na hapo hatuna ubishi na wataalamu.

Lipo jambo ambalo wakazi hawakukubaliana, nasi hatutalificha. Wanaoishi ng'ambo ya barabara wanataka bustani yote iwe na ukuta na kufungwa usiku. Wanaopita hapa kwenda na kurudi kazini wanataka ibaki wazi pande zote. Tumeandika hoja za pande zote mbili kama zilivyosemwa. Msimamo wa walio wengi katika kamati ni ua wa miti na mageti mengi, lakini walio wachache ndio watakaosikia kelele za usiku, na wanastahili kusikilizwa na wewe mwenyewe.

Kuhusu matunzo, tunaomba bajeti yake itajwe leo pamoja na bajeti ya ujenzi, na mkandarasi akabidhi akiba ya matofali na mbao za aina ile ile ili kiraka kisiwe cha rangi nyingine. Wakazi tuko tayari kuunda kikundi cha kufagia, kumwagilia na kutoa taarifa za uharibifu. Kulehemu na kusafisha matofali hatutaweza bila mafundi wa kulipwa, na tungependa lieleweke mapema.

Tunaomba pia ardhi hii isajiliwe rasmi kama bustani ya umma kabla ya jiwe la kwanza. Mwaka 1989 Wangari Maathai alilazimika kusimama hadharani kupinga jengo la ghorofa 60 lililopangwa ndani ya Uhuru Park jijini Nairobi, bustani ambayo kila mtu aliidhani iko salama. Mradi ule uliachwa, lakini yeye alitukanwa sana kabla haujaachwa.

Mwisho, Mheshimiwa, kila oni litakalokataliwa turudishiwe likiwa na sababu yake kwa maandishi, hata kama sababu ni fedha. Wazee waliotueleza mambo haya watatuuliza, nasi tunataka tuwe na la kuwajibu. Ukitupangia tarehe ya kuweka kipande cha majaribio, vijana wako tayari kusafisha mahali pake. Wamekwisha kupapima, ni pale kushoto kwa jukwaa, pasipo na kivuli.

Tunaomba kuwasilisha.

Wakazi, kupitia Kamati ya Bustani.