Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: Tunaomba Jumamosi moja tu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam nyingi. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na familia yako na wote walio chini yako ofisini. Jina lako sitalitaja hapa, wala la ofisi yako, wala la mji wetu. Mwenyewe utajijua kabla hujamaliza ukurasa huu, na wazazi wa watoto ninaowafundisha wanakujua tayari. Nilitaka ombi letu, la watoto wa shule kuingia kiwanja cha ndege unachokisimamia na kurushwa bure na marubani wa kujitolea, libaki kati ya shule na ofisi, kwa barua za kawaida zenye mhuri. Barua hizo zimelala mezani kwenu bila jibu, na yaliyotokea Jumamosi iliyopita yamenimalizia subira.

Jumamosi iliyopita, Mheshimiwa, watoto wa P.5 na P.6, yaani darasa la tano na la sita, walisimama nje ya lango la kiwanja chetu cha ndege tangu saa moja asubuhi. Sare zao zilikuwa zimefuliwa na kupigwa pasi. Kila mmoja alishika karatasi ya idhini yenye sahihi ya mzazi, au alama ya dole gumba kwa mzazi asiyejua kuandika. Ndani ya uzio kulikuwa na ndege mbili ndogo za viti vinne, zilizofika Ijumaa jioni kutoka Kajjansi, kiwanja kidogo cha ndege karibu na Kampala, kwa mafuta ambayo marubani walijinunulia wenyewe. Ndege zilikuwa na ruhusa ya kutua. Kilichobaki ni ruhusa ya watoto kuvuka lango, na ofisi yako ilituambia kwa simu kwamba barua imeshatiwa sahihi, iko njiani.

Askari wa lango hakuwa na barua yoyote. Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Yule kijana simlaumu hata kidogo, maana naye aliachwa peke yake atoe jibu lisilo lake. Ilipogonga saa nne na nusu, rubani mkubwa kati yao alikuja mwenyewe langoni, akavua kofia, akawaambia watoto kwamba hata barua ikifika wakati ule hawezi tena kuwapandisha, kwa kuwa jua limekuwa kali na mawingu yameanza kujikusanya. Wakaruka kurudi walikotoka. Watoto wetu walibaki kwenye uzio wakitazama, na mimi nilibaki na kazi ya kuwaeleza kwa nini.

Nimeshindwa kuwaeleza. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Naomba nikukumbushe maneno yako. Siku ya wazazi ulikuwa mgeni wetu wa heshima. Watoto walikuimbia, wakakuonyesha ndege walizounda kwa mabua ya mahindi na maboksi. Mmoja wao alisimama mbele yako akataja kani nne zinazofanya kazi kwenye ndege: uzito, kani ya kuinua, msukumo na ukinzani wa hewa. Ulimpa mkono. Kisha ukashika maikrofoni ukasema, mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, mbele ya wazee wa msikiti na kanisa: "Waleteni watoto hawa kiwanjani. Lango hilo niachieni mimi." Akina mama walipiga vigelegele. Mheshimiwa, hakuna aliyekulazimisha kusema vile. Ulisema kwa hiari yako, na watoto wa miaka kumi na moja hawasahau ahadi ya mtu mzima.

Tunachoomba si jambo jipya duniani. Kule Marekani chama cha wapenda ndege kiitwacho Experimental Aircraft Association, chenye makao yake Oshkosh, kilianzisha mwaka 1992 mpango wa Young Eagles. Mtoto mwenye umri wa miaka 8 hadi 17, mzazi wake akitia sahihi, anapandishwa ndege ndogo bure na rubani wa kujitolea. Walijiwekea lengo la kurusha watoto milioni moja kabla ya tarehe 17 Desemba 2003, siku ambayo safari ya kwanza ya ndege ya injini, ile ya ndugu Wright, ilitimiza miaka 100, na wakalifikia. Mwaka 2016 walirusha mtoto wa milioni mbili, na rubani aliyemrusha alikuwa Harrison Ford, mwigizaji yule wa filamu. Kabla ya hapo mpango huo uliwahi kuongozwa na Chuck Yeager, mtu wa kwanza kuruka kwa kasi kupita sauti, mwaka 1947. Baadaye ukaongozwa na Sullenberger na Skiles, marubani waliotua na ndege ya abiria juu ya mto Hudson mwaka 2009, watu wote 155 wakatoka hai. Watu wa heshima ya namna hiyo waliona ni kazi ya maana kumkalisha mtoto wa jirani kwenye kiti cha pembeni na kumzungusha angani kwa robo saa. Sisi huku tunaambiwa tusubiri faili.

Wala hatukuomba mpango wa milioni. Marubani wale ni Waganda na wageni wachache wanaoishi hapa, wana leseni, wana ndege, na wako tayari kuchoma petroli yao kwa ajili ya watoto wasiowajua. Ndege aina ya Cessna 172 inakunywa lita 30 hadi 35 hivi kwa saa. Mzunguko wa dakika ishirini wenye watoto watatu unakula lita kumi na kitu. Hakuna shilingi ya serikali hapo, na hakuna shilingi ya mzazi. Ofisini kwako niliulizwa na msaidizi wako, zaidi ya mara moja, kila mtoto analipa kiasi gani, eti tulipe ada ya safari za kibiashara. Nikamjibu, na narudia hapa hadharani ili pasiwe na shaka: rubani mwenye leseni ya binafsi haruhusiwi kupokea malipo kwa kubeba abiria. Anaruhusiwa kubeba bure. Tungewatoza watoto hata shilingi mia, tungemtia rubani hatiani. Kwa hiyo safari hizi ni za bure, na zitabaki za bure. Sijui ni mara ngapi jambo hilo linatakiwa kuandikwa ndipo lieleweke.

Labda ofisini kwako wanadhani watoto wanakwenda kubembea tu. Nakuomba uje usimame nami siku moja uone asubuhi ile inavyoendeshwa. Kwanza hakuna anayepanda. Rubani anaizunguka ndege pamoja na watoto, anagusa kila kitu. Anatoa mafuta kidogo chini ya tangi, anayaweka kwenye kikombe angavu na kukiinua juani. Petroli hiyo ni ya buluu. Kama kuna maji yameingia, yanakaa chini, yanaonekana. Mimi nafundisha sayansi darasani kwa chaki, na somo la kwamba maji ni mazito kuliko mafuta nimelirudia hadi sauti imekauka. Mtoto akiliona ndani ya kikombe kile, akaambiwa kwamba maji haya yangeizima injini angani, halisahau tena. Kisha anazungusha usukani na kuona kibao cha nyuma ya bawa kikipanda huku cha upande wa pili kikishuka. Anauliza kwa nini. Baada ya hapo ndipo wanafunga mikanda. Wakishapaa, mtoto anaona paa la shule yake, anaona mto unakotoka na unakokwenda, anaona ramani niliyomchorea ubaoni ikiwa ni ardhi ya kweli. Mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, una maswali ya ramani, Mheshimiwa. Watoto wetu wanafeli hayo kila mwaka.

Na kwa nini asubuhi? Msaidizi wako alinipendekezea tubadilishe iwe saa nane mchana, baada ya shughuli nyingine za kiwanja. Haiwezekani, na mtu anayefanya kazi kwenye kiwanja cha ndege alipaswa kujua. Nchi yetu iko juu. Hata Entebbe, kando ya ziwa, ni zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi, bawa linapata hewa pungufu ya kushika, injini inapungua nguvu, ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Tena mchana joto linapanda kutoka ardhini na kuitikisa ndege ndogo, mawingu ya ngurumo yanakua mbele ya macho. Rubani mwenye akili hapandishi watoto wa watu saa nane. Kati ya saa moja na saa nne hewa imetulia, na muda wote huo kiwanja chetu hakina ndege nyingine. Sisi tunaoishi jirani tunajua, maana mbuzi wanalisha pembeni ya njia ya kurukia.

Nchi hii ina chuo cha urubani Soroti tangu 1971, kilichojengwa na Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki kwa ajili ya vijana wa Uganda, Kenya na Tanzania. Jumuiya ilivunjika 1977, chuo kikabaki kwetu. Shirika la ndege la taifa lilizaliwa 1976, likafa 2001, likafufuliwa 2019 kwa ndege mpya, Bombardier nne na baadaye Airbus kubwa mbili. Kule Hoima kuna kiwanja kipya cha Kabalega chenye njia ya kurukia ya kilomita 3.5. Nayafurahia yote hayo. Lakini niambie, Mheshimiwa, nani ataziendesha na kuzitengeneza? Mtoto wa tajiri wa Kampala amepanda ndege kwenda Dubai kabla hajajua kusoma, huyo hahitaji Jumamosi yangu. Mtoto wa shule ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambaye baba yake ni koplo na mama yake anakaanga samaki sokoni, hajawahi kusikia mtu akimwambia kwamba kuna fundi wa injini za ndege, kuna muongozaji wa ndege mnarani, kuna mtaalamu wa hali ya hewa, na kwamba kazi hizo zinaanzia kwenye hesabu za P.6. Darasani nilipouliza nani anataka kuwa rubani, wavulana walinyoosha mikono. Wasichana waliangaliana. Rubani mmoja wa Jumamosi iliyopita alikuwa mwanamke. Wasichana wangu walimwona kwa mbali, kupitia waya.

Nimejiuliza sana kinachokuzuia. Huenda ni hofu ya ajali, na hofu hiyo naiheshimu kwa sababu mimi ndiye nitakayewaangalia wazazi usoni. Kama ni hivyo, semeni mnataka bima ya aina gani, mnataka ndege ikaguliwe na nani, tutatimiza. Huenda faili limepotea tu kati ya meza mbili, na hakuna anayetaka kusema limepotea. Wengine mtaani wananiambia mwalimu acha ujinga, wanangoja chai. Sitaki kuamini hilo juu yako. Lakini unaponyamaza, watu wanajaza wenyewe.

Tena kunyamaza kwako kunaniumiza mimi kwanza. Nauli ya taksi mbili za kuwaleta watoto kiwanjani nilikopa kwenye SACCO ya walimu, na dereva wa taksi hajui habari za barua iliyoko njiani, amechukua zake. Chapati na chai ya asubuhi wazazi walichanga, mia tano, elfu moja. Jumatatu mzazi alinisimamisha mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, akaniuliza kwa sauti pesa zimekwenda wapi, kama ndege zenyewe zilikuwepo kweli. Kuna wanaosema nimezila. Nimefundisha watoto wa mji huu hadi nikafundisha watoto wa niliowafundisha, na sikuwahi kuitwa mwizi. Hilo linanikaa kooni. Mwalimu mkuu naye amenitahadharisha kwamba shule haitaki kugombana na wakubwa, na kama haya yatarudi kwangu kwa namna ya uhamisho, basi na wazazi wajue mapema sababu yake.

Bado sitaki ugomvi. Sidai fidia ya nauli wala msamaha wa hadharani. Marubani wamenihakikishia kwamba watarudi, wakiwa na uhakika wa lango safari hii, kwa sababu hakuna mtu atakayechoma petroli mara ya pili ili aje kufukuzwa.

Ombi langu ni moja, na ni lile lile lililoko kwenye barua zote zilizolala ofisini kwako. Toa ruhusa kwa maandishi, yenye tarehe, sahihi na mhuri, kwamba Jumamosi moja kabla muhula haujafungwa, kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, watoto wa shule yetu wenye idhini za wazazi waruhusiwe kuvuka lango wakiwa na walimu wao. Nakala apewe askari wa lango mkononi mwake siku moja kabla. Kama jibu lako ni hapana, liandike hilo hapana kwenye karatasi, na sababu yake, nami nitalibandika kwenye ubao wa shule pale wazazi wanapopita, ili wajue aliyekataa ni nani na kwa nini. Chochote kati ya hivyo viwili nitakipokea. Simu nyingine ya kuniambia barua iko njiani sitaipokea.

P.6 wanafanya mtihani wa kuingia P.7 mwisho wa mwaka, na mwakani hawatakuwa na Jumamosi za kuchezea; watakuwa na PLE. Kwa hiyo ni muhula huu. Naomba tarehe, Mheshimiwa.

Wako kwa heshima,

Mwalimu wa sayansi na Kiswahili,
shule ya msingi iliyo jirani na kiwanja chako