Barua kutoka Bruxelles: beji za marubani, anza na mgongo

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa mama na kwa wote pale Katuba. Huku tuko wazima, baridi tu. Umeuliza kuhusu zile beji za mabawa zinazouzwa soko la Kenya, hapo hapo Lubumbashi, na muuzaji anataka jibu upesi.

Kwanza usizisafishe. Limau na majivu viache vya sufuria: asidi inakula zinki, inabandua dhahabu nyembamba iliyopakwa juu, na ule weusi wa miaka mingi ukishatoka haurudi. Beji inayong'aa wanunuzi wa hapa wanairudisha mezani. Brashi laini na maji ya kuongezea betri yanatosha (yale maji matupu, si asidi!), kisha ikaushe palepale.

Halafu igeuze. Ya zamani iligongwa kwa muhuri wa chuma, kwa hiyo unyoya mmoja mmoja unahesabika. Nakala ya kumiminwa ina vitundu kama vya sindano, tena metali ikipoa inasinyaa asilimia 1 hadi 2. Bawa la rubani wa Marekani la inchi 3 ni milimita 76. Nakala yake itakuja 75 hivi. Azima kalipa, kile kipimo cha milimita, kwa fundi.

Neno STERLING, yaani fedha ya asilimia 92.5, yeyote anaweza kuligonga. Pima mwenyewe kwa mizani ya sonara. Weka juu yake kikombe cha maji, irudishe sifuri, kisha ning'iniza beji kwa uzi izame yote bila kugusa kikombe. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba unayoisoma. Fedha hiyo inatoa karibu 10.4, shaba iliyochanganywa na zinki 8.5, zinki tupu 7.1. Beji ya gramu 20.8 isome 2.0, ikisoma 2.4, umeshikishwa shaba. Ila mapovu yakinasa kwenye manyoya namba inapanda, na fedha halali utaikataa bure. Tikisa uzi kidogo kabla ya kusoma.

Za Kibelgiji tazama herufi ya mfalme chini ya taji: A ni Albert wa Kwanza, aliyefariki 1934, L ni Leopold wa Tatu, B ni Baudouin, kuanzia 1951. Kamina, huko kwetu Katanga, ilikuwa na shule ya marubani wa ndege za mafunzo za Harvard miaka ya 1950, basi B kuonekana kwetu si ajabu. Lakini mtu akikuambia B yake ilivaliwa na waliopiga bomu Kigoma kwa ndege za majini mwaka 1916, msikilize kwa adabu na usitoe pesa.

Za Avikat, jeshi la anga la Katanga ilipojitenga na Kongo 1960 hadi 1963, ndizo zinazotia watu wazimu. Ni chache, na kulehemu kimsalaba cha shaba, alama ya Katanga, juu ya bawa la Kibelgiji ni kazi ndogo kwa fundi yeyote wa mji wetu. Tafuta risasi ya kulehemu pembeni mwa msalaba. Kama haina karatasi wala picha ya mwenyewe ameivaa, ilipie bei ya Kibelgiji tu.

Za Uingereza: taji la mviringo ni la wafalme, lililobonyea katikati ni la malkia, baada ya 1952. Charles alirudisha la mviringo 2022, kwa hiyo umbo peke yake si ushahidi tena.

Za kitambaa zimulike kwa ile taa ya zambarau ya wabadilisha dola. Uzi ukiwaka buluu-nyeupe, mara nyingi ni wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sabuni ya unga nayo inawasha uzi wa zamani, basi chungulia nyuzi za ndani, ambako sabuni haikufika sana.

Usizitie kwenye mifuko ya plastiki ya PVC, inatoa asidi na shaba inaota kijani. Karatasi laini isiyo na asidi, na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vya ndani ya maboksi ya viatu, hasa mvua zikianza Novemba.

Nitumie picha nne za kila moja: mbele, mgongo, ukingo, na pini kwa karibu, rula kando, bila flashi. Muuzaji mwambie Jumamosi.

Yaya wako