Daftari la mahudhurio na ahadi za Januari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie nidhamu na uvumilivu katika utumishi wa Kikristo, jambo tunalolihubiri mara nyingi kuliko tunavyolitenda.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa katibu wa kwaya, na mojawapo ya kazi zangu ni kuandika mahudhurio. Mwezi Januari daftari huwa na majina 40 na ushei, yakiwemo ya watu walioguswa katika mkesha wa mwaka mpya wakaahidi mbele ya madhabahu kwamba sasa watamtumikia Bwana. Ifikapo Juni, alama za vema huwa zimepungua, zoezi lililotangazwa kuanza saa 10 linaanza saa 11, na sauti ya nne ina mtu mmoja, naye ana mafua. Hakuna hata mmoja aliyeikana imani. Ukiwauliza, wengine watakwambia wamebanwa na kazi, na wengine kwamba wiki hiyo hawakusikia msukumo wa Roho.

Jibu hili la pili ndilo linalonisumbua, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kinachofanywa kwa ratiba ni cha kimwili na kinachozuka ghafla ndicho cha kiroho. Paulo hakufikiri hivyo. Alipowaandikia Wakorintho, ambao jirani na mji wao michezo ya Isthmia ilifanyika kila baada ya miaka 2, alichukua mfano wa mshindani anayejizuia katika yote kwa ajili ya taji la majani, ambalo hunyauka. Kisha akasema juu yake mwenyewe, "nautesa mwili wangu na kuutumikisha". Aliyeandika hayo ndiye yule yule aliyefundisha kwamba tunaokolewa kwa neema, kwa hiyo asitokee mtu wa kutuambia kwamba kuwahi zoezi ni kurudi chini ya sheria.

Nimfikirie pia William Carey, mmisionari Mwingereza aliyewasili India mwaka 1793 na kungoja zaidi ya miaka 7 kabla ya kumbatiza Mhindi wa kwanza, Krishna Pal, Desemba 1800. Laiti taarifa yake ya mwaka wa nne ingesomwa mbele ya baadhi ya kamati zetu, nadhani angeagizwa afunge virago. Mwaka 1812 moto uliteketeza kiwanda cha uchapaji cha misheni yake mjini Serampore, India, pamoja na miswada ya tafsiri za Biblia, naye akaketi kuanza upya kazi iliyopotea. Alifariki huko huko mwaka 1834 bila kurudi Uingereza. Simfanyi kipimo cha kila mtu, maana familia yake ililipa gharama kubwa mno, na hilo nalo lisifichwe.

Wala sisemi kwamba aliyelegea amekwisha. Yohana Marko aliwaacha wenzake Pamfilia, na Paulo alipokataa kumchukua tena, yeye na Barnaba waligombana hata wakatengana. Miaka ikapita, na katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo yule yule, akiwa kifungoni na ameachwa na Dema, mtenda kazi mwenzake, anaagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Bila shaka katikati pale palikuwa na miaka ya kazi ndogondogo ambazo hakuna aliyeziandika, na pia palikuwa na Barnaba, aliyekubali kusafiri na mtu mwenye doa.

Ndiyo maana nimeacha kuyafuta majina kwa kalamu nyekundu. Siku hizi nampigia simu asiyeonekana kwa wiki 3, nami namwambia saa ya zoezi bila kumhubiria. Wewe nawe, Ndugu Mhariri, gazeti lako huipa mikutano mikubwa ya injili ukurasa mzima wenye picha. Nakuomba siku moja umtume mwandishi kwa mama anayefagia kanisa kila Jumamosi jioni, amuulize ni mwaka wa ngapi sasa.

Wako katika Bwana,
Katibu wa kwaya