Mifereji Miwili

Umoja, Nairobi

Ndugu yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na wote hapo nyumbani Mombasa. Uliniuliza kama watu wa Edinburgh, kule Uskoti, walicheka nilipokwenda kuwachekesha jukwaani. Walicheka, ila si siku ya kwanza, na si mahali nilipokuwa nimepanga wacheke.

Mji ule mwezi wa Agosti hujaa wachekeshaji kama soko la Gikomba linavyojaa mitumba. Tamasha lao la Fringe lilianza mwaka 1947, pale vikundi 8 vya maigizo vilipokwenda kuigiza bila kualikwa, na hadi leo hakuna kamati ya kukuchagua: ukipata ukumbi na ukazimudu gharama, umeingia. (Gharama zenyewe tusizitaje, maana bado ninazilipa.) Mimi nilipata chumba cha chini kwenye baa moja, saa nane mchana, katika maonyesho yasiyo na kiingilio, ambayo mtazamaji akitoka hutia anachotaka katika ndoo unayoishika wewe mwenyewe mlangoni. Asubuhi nzima nilikuwa nimesimama mvuani pale Royal Mile nikigawa vikaratasi vya matangazo, na nusu ya waliovipokea walinipa vyao.

Walikuja watu 11, miongoni mwao Wajerumani wawili na familia moja ya Wahindi. Nilifungua na kile kisa cha mgao wa maji, ambacho hapa hakijawahi kuniangusha: jinsi nilivyousikia mfereji ukikohoa saa tisa usiku, nikaruka kitandani nikajaza mitungi, sufuria na hata gambuti, kisha nilipoamua kuoga kwa fahari maji yakapotea nikiwa na sabuni machoni. Hapa Umoja watu huangua kicheko kabla sijafika kwenye gambuti. Kule palikuwa kimya. Mama mmoja wa mstari wa mbele aliweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kama mtu aliyefika matangani, nami nilipojaribu kueleza kwamba huo ni mzaha, nilizidi kuharibu. Mwishoni alitia noti ya pauni 20 ndooni, akanishika mkono na kunipa pole. Hiyo ndiyo iliyokuwa pesa kubwa kuliko zote nilizopata siku ile, na ndiyo iliyoniuma. Anayenizomea naweza kumjibu, lakini huyu aliyenihurumia ningemwambia nini?

Usiku ule, nikinawa uso katika nyumba niliyofikia, niligundua kwamba sinki lina mifereji miwili, mmoja wa maji yanayobabua na mwingine wa maji ya barafu, na katikati hapana makubaliano. Kesho yake kisa cha mgao nilikisimulia vilevile, gambuti na yote, kisha nikawaambia: sisi maji yakikosekana hukosekana yote, lakini nyinyi mnayo mchana na usiku, na miaka yote hii hamjaweza kuyakutanisha, kama mnahitaji msaada, semeni, tutachanga. Waskoti walipiga meza. Wale Wahindi hawakuwapo, nami nilisikitika, kwa kuwa nilihisi wao wangecheka tangu kwenye mitungi. Tangu siku hiyo hakuna aliyenipa pole tena, ingawa ndoo nayo haikuona noti nyingine ya 20.

Sasa sikia yaliyonipata niliporudi. Wiki jana nilipanda jukwaani hapa mjini nikiwa na kisa changu cha sinki, nikakieleza kwa madaha yote ya mtu aliyetoka ng'ambo, na ukumbi ukanitazama tu. Kisha kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa upole wa kweli: "Kwani yote miwili ilikuwa inatoa maji?" Walicheka hadi nikakaa chini jukwaani kungoja wamalize. Swali lake nimelichukua, na Ijumaa nitafungulia nalo. Ukija Nairobi kabla ya hapo, kiti chako kiko mstari wa mbele, ila tafadhali usiweke mkono kifuani.

Wako wa siku zote.