Kuzima GPS si dawa, Mhariri

Mhariri,

Miaka 12 nalisoma gazeti lenu bila kuwaandikia hata mstari, hata pale mlipoikosea picha ya soko la Kadutu. Ile habari yenu ya watu wanaofuatiliwa kwa simu imenishinda kunyamaza. Ushauri wote mliotupa ni "zima GPS". Basi? Na modemu ya Wi-Fi iliyo juu ya kabati?

Nilitoka Goma Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22, tarehe 27 tukaambiwa tuuhame mtaa wetu wa Mabanga, nikapanda boti kuja Bukavu na begi moja na modemu niliyoifunga ndani ya kitenge cha mke wangu. Watu walinicheka. Tulipopata chumba Kadutu nikaichomeka. Binti yetu wa Lubumbashi alikuwa ameipanga simu yangu imwonyeshe nilipo. Usiku wa pili anapiga, analia: "Papa, mbona umerudi Mabanga? Si ardhi bado inatetemeka?" Mimi nimelala Kadutu! Nikampa mama yake simu, binti akadhani nimemfundisha mama kusema uongo. Kumbe mle chumbani, chini ya mabati, simu haikupata satelaiti za GPS, ikaitegemea modemu. Na kwenye ramani modemu bado ilijulikana kuwa ya Mabanga.

Hilo tulilicheka baadaye. Lisilochekesha ni kwamba baada ya wiki chache ramani ilijirekebisha yenyewe. Sikujaza fomu, sikumwambia mtu. Kila modemu inatangaza namba yake, jozi 6 za tarakimu na herufi, karibu mara 10 kwa sekunde, na nywila haizuii hilo. Simu ya mpita njia inaisikia, inaipeleka kwa Google au Apple pamoja na mahali ilipoisikia. Simu yangu niizime nisiizime, ni mamoja. Mwaka 2024 Erik Rye na Dave Levin wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, walionyesha kuwa ukiuliza mfumo wa Apple namba moja, unajibiwa iko wapi na kuongezewa hadi 400 za jirani. Walikusanya zaidi ya bilioni 2 kwa namna hiyo, wakaona vifaa vikiingia Ukraine na vingine vikitoweka Gaza. Sasa huku kwetu, ambako familia inaondoka usiku bila kuaga jirani, na ina sababu zake, inabeba sufuria, watoto na modemu, halafu yule inayemkimbia akiwa na namba tu anajua imeshukia wapi. Na ninyi mnasema zima GPS!

Namba yangu imebandikwa chini ya modemu. Bayeri wangu wa Mabanga, mwenye nyumba, aliiona kila jioni alipokuja kuvuta Wi-Fi ya bure. Na huyo, kwa kuwa nimemtaja, hajanirudishia garanti, ile dhamana ya kodi ya miezi 6, mpaka leo. Eti volkano ni kazi ya Mungu. Lava haikugusa hata choo chake! Komisioneri, yule dalali wa nyumba, naye alikula kodi ya mwezi mzima kwa kunionyesha mlango tu. Lini mtawaandika hao? Laiti bayeri ndiye angekuwa na modemu, ningemfuata mimi.

Dawa iko, ila mwandishi wenu hakuitaja. Unamalizia jina la Wi-Fi yako kwa _nomap, yaani "msiiweke kwenye ramani". Google wanalikubali neno hilo tangu 2011, Apple tangu 2024. Microsoft wao wanataka lao, _optout. Yaani ili nisiandikwe na watu nisiowajua, mimi ndiye nijifunze Kiingereza chao. Nimetii. Pale Kadutu Wi-Fi yangu inaitwa Leta_Garanti_nomap.

Lichapeni neno hilo kwa herufi kubwa kando ya matangazo ya matanga, ukurasa ambao kila mtu anausoma, Jumatatu 6 mfululizo. Na wale mafundi wanaoziita Wi-Fi za watu kwa jina la familia na la avenyu, waleteni kwangu. Nilifundisha darasa la tano miaka 31, chaki bado ninayo. Wataliandika mara 100, na kistari chake cha chini.

Mwalimu mstaafu,
Kadutu, Bukavu